Ukiambiwa "ukarabati ni wiki tatu tu", uliza mabomba yako wapi

Jumatano usiku nilipata ujumbe wa mdogo wangu mmoja anayesoma maandishi yangu hapa, anaishi Tabata, Dar es Salaam. Nauweka kwa ruhusa yake: "Shikamoo dada. Mwezi uliopita nimelipa kodi ya miezi sita. Leo mwenye nyumba ametuma meseji kwamba Jumatatu mafundi wanaingia, wanabadilisha mabomba yote na kuweka malumalu kwenye ngazi na koridoni. Anasema ni wiki tatu tu. Nina mtoto wa miezi minne. Nifanyeje?"

Niliposoma hiyo "wiki tatu tu" niliweka simu chini, nikakaa kimya kwa muda. Ni maneno yale yale. Mimi niliambiwa hivyo Machi 2023, nikiwa nimepanga Sinza. Mafundi waliondoka Februari 2024.

Wengi wenu mnajua natengeneza keki, ila sikuwahi kuwasimulia mwaka ule. Nilikuwa bado naumia. Leo nasimulia.

Nilihamia pale Januari 2023. Jengo la ghorofa nne, nyumba kumi na sita, mimi ghorofa ya tatu. Kilichonivuta ni jiko. Lilikuwa na dirisha pana linalotazama mashariki, na meza ya zege ndefu ambayo ningeweza kupanga keki nne bila kusogeza kitu. Kodi ilikuwa 450,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, yaani 2,700,000, na dalali akachukua mwezi wake mmoja, 450,000. Jumla 3,150,000, na hela hiyo niliitoa kwenye akiba ya kujenga. Najua tunaosoma hapa tuko safari moja. Kila mmoja wetu ana kiwanja chake Goba, Madale, Chanika au Kigamboni, au anakitafuta, na nyumba ya kupanga ni kituo cha kupumzikia tu njiani. Kwa hiyo mnaelewa milioni tatu inauma kiasi gani inapotoka.

Machi, msimamizi wa jengo alipita mlango kwa mlango. "Dada, mzee anawaboreshea nyumba. Mabomba yamechoka. Wiki tatu tu." Nilifurahi, nikamwambia ampe mzee salamu na shukrani zangu. Sikuuliza tarehe ya kumaliza. Sikuuliza maji tutapata wapi. Sikuuliza chochote, na hilo ndilo kosa langu la kwanza katika habari hii yote.

Tarehe 13 Machi, saa moja kamili asubuhi, nyundo zikaanza. Siku ya tatu tangi la juu likashushwa, tukawa tunachota kwenye simtank lililowekwa chini karibu na geti. Kutoka pale hadi mlangoni kwangu kulikuwa na ngazi 54. Nilizihesabu nikiwa na ndoo ya lita ishirini kichwani, na hadi leo naweza kukwambia ni ngazi ya ngapi iliyokuwa imevunjika kona. Kuta za koridoni zilichimbwa mifereji mirefu, mabomba ya zamani yakatolewa, kifusi kikajazwa kwenye viroba na kupangwa nje ya milango yetu.

Wiki ya tatu ilipofika, mafundi hawakuonekana tena.

Hawakuwa wamemaliza. Kuta zilibaki wazi vile vile, viroba vile vile. Tukaambiwa vifaa vinakuja. Wakarudi baada ya mwezi, wakafanya kazi siku tisa, wakapotea tena. Ilinichukua hadi Julai kuelewa nini kinaendelea, na aliyenifungua macho ni saidia fundi mmoja aliyekuwa akikoroga saruji pale chini. Alisema, "Dada, sisi tunaitwa kodi ikiingia." Yaani mzee hakuwa na fedha ya ukarabati aliyoitenga. Alikuwa anakarabati kwa kodi zetu. Nyumba namba tano ikilipa miezi sita yake, zinanunuliwa koki na boksi kadhaa za malumalu, mafundi wanaitwa. Hela ikiisha, kimya hadi mpangaji mwingine afikishe tarehe yake. Na kwa kuwa kila mmoja wetu aliingia mwezi wake, kazi ya wiki tatu ilikatwa vipande vipande mwaka mzima.

Nataka mlishike hilo, kwa sababu sioni watu wakilisema. Tunadhani ukarabati unachelewa kwa uvivu wa mafundi. Mafundi wale walikuwa wachapakazi. Walichelewa kwa sababu kazi ilianzishwa kabla fedha haijatimia, na hilo lilionekana tangu siku ya kwanza kama ningefungua macho: siku wanabomoa ukuta wangu, hapakuwa na bomba jipya hata moja kwenye eneo la jengo.

Sasa niwaambie kuhusu ile keki.

Ilikuwa Juni, keki ya send-off, tabaka tatu, krimu nyeupe tupu na maua machache pembeni. Ghorofa ya juu yangu walikuwa wanakata malumalu kwa grenda, wanakata kavu kavu. Nilifunga dirisha lile pana, nikaweka mataulo yaliyolowa chini ya mlango, nikapaka krimu usiku wakiwa wameshaondoka. Nilidhani nimemaliza kila hatari. Kumbe vumbi lilikuwa limeshalala juu ya kabati, na kila nilipofungua mlango wa kabati kuchukua kitu, lilishuka taratibu. Vumbi jeupe juu ya krimu nyeupe. Jicho haliwezi kuliona.

Saa nne usiku wa shughuli mama wa bibi harusi alinipigia. Hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, keki ina mchanga." Nilikwenda jikoni, nikachota kwa kidole krimu iliyobaki kwenye bakuli, nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Chenga. Nilirudisha 280,000 yote asubuhi yake. Mama yule hakunisema popote, Mungu ambariki, lakini hakuniita tena, na alikuwa na mabinti wengine wawili.

Miezi iliyofuata siisimulii yote. Ni ndoo, kelele na ahadi. Bafu langu lilifungwa wiki tano. Nililipa kodi ya pili mwezi Julai, 2,700,000 nyingine, bila kudai lolote, kwa sababu sikuwa na hela ya kuhama na dalali mwingine juu. Na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, niliozoea kukaa nao wiki mbili ukawa unaisha ndani ya siku sita. Nikaja kugundua soketi ya koridoni, ile ambayo mafundi walichomeka grenda na mashine ya kukorogea, imeungwa kwenye mita yangu.

Hapo ndipo niliposema basi, tukae wapangaji tuzungumze. Tulikuwa na grupu la WhatsApp, nyumba zote kumi na sita. Kila mtu analalamika humo usiku na mchana. Nikaandika barua moja fupi ya heshima, nikapita nayo milangoni, watu kumi na mmoja wakasema watasaini kwenye kikao. Jirani yangu wa ghorofa ya pili ndiye aliyenitia moyo kuliko wote. Mwanamke ambaye Ramadhani nzima tulikuwa tunapelekeana sahani za futari, sahani yake haijawahi kurudi kwake tupu wala yangu kwangu.

Siku ya kikao mzee alikuja mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimesikia kuna mtu hapa anachochea wenzake wasilipe kodi." Akanitaja kwa namba ya nyumba. Maneno aliyoyarudia yalikuwa maneno niliyomwambia mtu mmoja tu, jikoni kwangu, tukimenya viazi. Nikawatazama wale kumi na mmoja. Kila mtu alikuwa anaangalia simu yake. Barua ikabaki na saini moja, yangu.

Nimemsamehe jirani yangu yule, na tukikutana tunasalimiana. Lakini sitasema haikuniuma, maana bado inauma ninapoandika hapa.

Baada ya siku ile sikumwomba mtu tena anisaidie. Nilichukua daftari kubwa nililoanza kuandika tangu Machi kwa ajili ya hesabu za keki. Nyuma yake nilikuwa naweka alama ya kila siku isiyo na maji, kwa sababu siku hizo nilikuwa namlipa kijana wa kunibebea. Nikakaa usiku mmoja nikaunakili upya, siku kwa siku: hakuna maji, bafu limefungwa, grenda kuanzia saa mbili hadi saa kumi, mafundi hawakuja. Picha nazo nikazisafisha, kila moja na tarehe yake. Kufikia mwisho wa Desemba siku zisizo na maji zilikuwa 74. Ndoo tatu kwa siku, shilingi 1,000 kwa ndoo hadi juu: 222,000. Umeme, kwa makadirio ya chini kabisa: 60,000. Keki: 280,000. Bafu na adha nyingine niliziacha mzee azipime mwenyewe.

Januari 2024, kodi ilipofika, sikulipa wala sikukataa kulipa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikamweleza, akamwita mzee. Nikamwamkia, akaitika, nikamkabidhi daftari. Alivaa miwani akafunua ukurasa mmoja mmoja bila haraka. Alipofika Septemba, siku kumi na moja mfululizo bila maji, aliacha kufunua. "Hii yote umeandika wewe?" Nikasema, "Ndiyo mzee." Akafunga daftari.

Niliomba punguzo la miezi mitatu, tukakubaliana miwili: 900,000. Ikaandikwa, tukasaini wote, mwenyekiti akagonga muhuri. Nililipa 1,800,000 nikakaa hadi Juni, na sikuongeza mkataba. Zile laki tisa zilinunua mabati ya vyumba viwili Madale, na ndani ya vyumba hivyo ndimo ninamoandikia sasa hivi. Hakuna dari bado. Maji yapo.

Ndugu zangu, andikeni. Nalirudia kwa sababu najua mtalisoma na kulipita. Andikeni siku ile ile, kwa kalamu, na tarehe. Malalamiko ya kwenye grupu hayana tarehe wala jumla, na mwenye kulalamika sana kwenye grupu ndiye wa kwanza kunyamaza kikaoni. Tumefundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu, tukageuza kuwa kisingizio cha kuogopa. Mtu anayekulipisha miezi sita mbele ameshapata chake. Wewe umebaki na karatasi tu. Sasa kwa nini karatasi hiyo iwe tupu?

Na msidhani sheria imewatupa. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, ni kweli, kwa hiyo hakuna wa kukupangia kodi. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji anayelipa kodi akae kwa utulivu bila bughudha yake, hata kama mkataba wenu haukutaja neno hilo. Sheria hiyo hiyo inampa wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mabomba ya pamoja, kwa hiyo kukarabati ni haki yake na ni wajibu wake pia, usimgombeze kwa hilo. Gombea muda na namna. Mkishindwana kuna baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu. Usuluhishi ukikwama ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi sikufika huko, daftari lilitosha.

Mdogo wangu wa Tabata, kwako kuna la mtoto, na hilo halisubiri daftari. Vumbi la malumalu na saruji lina chembe ndogo mno za silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwombe fundi mkuu akatie chini, nje ya jengo, na akate kwa maji. Ukikata kwa maji vumbi linalorushwa hewani hupungua sana. Usifagie kavu. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa, anza juu ya kabati halafu ushuke sakafuni. Kama kwa mama au kwa shangazi kuna nafasi, mpeleke mtoto siku za kubomoa na siku za kukata. Zima soketi yoyote ya nje inayokula mita yako. Na meseji ya mwenye nyumba inayosema wiki tatu, usiifute.

Jumatatu ni keshokutwa. Leo jioni shuka chini utazame uani na stoo kama mabomba na malumalu yameshafika. Ukikuta yapo, pumua, kazi itakwisha. Usipoyaona, mwandikie mwenye nyumba usiku huu huu, kwa heshima, umuulize yanafika lini na kwa nini ukuta usisubiri, kisha unijulishe amejibu nini.