Kitabu cha bei za sarafu: fungua ukurasa wa Afrika Mashariki kwanza

Ukienda kununua kitabu cha bei za sarafu, bei iache kwanza. Beba sarafu moja unayoifahamu vizuri, fungua kurasa za Afrika Mashariki na uitafute humo. Ukiipata kwa mfalme wake, mwaka wake, madini yake na herufi ya kiwanda kilichoipiga, kitabu hicho kitakufaa hata kama kimechakaa. Usipoipata, kirudishe kwenye rundo, hata muuzaji akikuapia kwamba mwingine alikuwa anakuja kukichukua jioni.

Nasema Afrika Mashariki, sisemi Kenya, na nina sababu. Anayeanza hufungua herufi K, akaona Kenya inaanza na sarafu za Mzee Jomo Kenyatta, akakata kauli kwamba kitabu hakina zile za enzi ya babu. Zimo, ila katalogi za dunia hupanga sarafu kwa jina la mamlaka iliyozitoa. Ndururu ya mkoloni yenye tundu katikati imeandikwa EAST AFRICA, na huko ndiko iliko, kwa sababu ilitumika hapa, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Rupia ya 1888 ya kampuni ya Imperial British East Africa itafute kwa jina la Mombasa. Sarafu zilizotoka mikononi mwa Benki Kuu ya Kenya, ambazo zilianza kutumika Aprili 1967, ndizo zilizo chini ya Kenya.

Jambo hilo ndilo linaloamua ununue juzuu gani. Katalogi inayotajwa zaidi na wakusanyaji ni Standard Catalog of World Coins, iliyoanzishwa na Wamarekani Chester Krause na Clifford Mishler mwaka 1972. Ukiona mtu ameandika KM na namba kando ya sarafu anayoiuza, namba hiyo asili yake ni humo. Katalogi hii imegawanywa kwa karne. Mtu wa Nairobi anayekusanya sarafu za kwao hana haja ya juzuu zote. Ile ya 1901 hadi 2000 inambebea karibu kila kitu, kuanzia senti za mwaka 1906 na kuendelea, florini ya 1920, shilingi za simba, mpaka shilingi ishirini ya 1998. Ya karne ya 19 ni kwa wale wenye rupia na pesa (sarafu ndogo za wakati huo) za Mombasa au za Malkia Victoria. Ya karne ya 21 ina shilingi arobaini yenye sura ya Mwai Kibaki, iliyotolewa 2003, na mimi sioni kwa nini mtu anunue kitabu kizima kwa ajili yake.

Kampuni iliyokuwa ikichapisha katalogi hizo ilifilisika mwaka 2019. Kwa hiyo nakala utakazoziona ni za zamani zaidi au zamani kidogo. Hilo halinisumbui, na lisikusumbue. Madini ya shilingi ya 1949 hayabadiliki kwa sababu kitabu kimezeeka. Kinachozeeka ni safu za bei, na hata hapo hazizeeki kwa mwendo mmoja. Bei za sarafu zenye madini ya fedha hupanda na kushuka na soko la madini hayo duniani, kwa hiyo bei ya miaka kumi na tano iliyopita haikuelezi chochote. Senti za shaba zilizojaa kila kabati la nyanya hazijasogea sana.

Sasa nieleze ninavyokikagua kitabu nikiwa nimeinama barabarani, maana vitabu vya namna hii hupatikana zaidi kwa wale wanaovitandaza chini katikati ya jiji, pande za Tom Mboya na Moi Avenue, kuliko kwenye maduka yenye kiyoyozi. Natoa shilingi mbili za simba. Kwa macho ni ndugu: simba yuleyule, milima ileile nyuma yake, kichwa cha George wa Sita. Moja ni ya 1942, nyingine ya 1950. Ile ya 1942 ina fedha, japo ni robo tu ya uzito wake. Ya 1950 haina hata chembe, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kitabu kizuri kinazitenganisha kama aina mbili, kila moja na namba yake, na kinaandika kiwango cha fedha, .250, bila kukulazimisha kukisia. Kibaya kinaweka mstari mmoja, 1937 hadi 1952, bei moja, basi. Hicho hata kwa shilingi hamsini sikichukui.

Na ukifundishwa na kitabu kizuri, unaanza kuona bila kitabu. Ile ya fedha imeandikwa IND: IMP: pembeni mwa jina la mfalme, yaani Kaizari wa India. Baada ya India kupata uhuru mwaka 1947 cheo hicho kilikwisha, na shilingi zilizoanza kupigwa tena 1948 hazinacho. Mwaka ukiwa umefutika kabisa kwa kushikwashikwa, tafuta IND: IMP: kwa kioo cha kukuzia na utajua una fedha au huna. Wauza sarafu wengi mjini wanalijua hili, lakini hawatakwambia.

Kipimo cha pili ni herufi ndogo za viwanda. Sarafu zetu hazikupigwa London peke yake. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay, na isiyo na herufi mara nyingi ni ya London. Mwaka mmoja unaweza kuwa na sarafu za viwanda viwili au vitatu, moja ikiwa ya kawaida na nyingine adimu. Kitabu kisichozitenganisha kitakufanya uuze adimu kwa bei ya kawaida, na aliyeinunua ataondoka akikushukuru sana.

Halafu angalia safu za hali ya sarafu. Lazima ziwe kadhaa, kuanzia iliyolika hadi ile ambayo haijawahi kutumika. Katalogi nyingi huzipa herufi: VG, F, VF, XF, kisha UNC. Mwanzoni kila mtu husoma safu ya kulia kabisa, kwa sababu ndiyo yenye pesa. Shika shilingi ya simba kwenye mwanga wa dirisha uiinamishe kidogo. Manyoya ya shingo yakiwa yanahesabika, nyuzi kwa nyuzi, uko upande wa kulia wa jedwali. Yakiwa yameungana yakawa bonge moja laini, hamia kushoto, na usibishane na jedwali. Sarafu nyingi zinazouzwa Nairobi zimepita sokoni, kwenye mikoba, kwenye mabasi na kwenye sadaka kwa miaka mingi. Mahali pake ni safu mbili za kwanza. Iliyotobolewa ivaliwe shingoni au kuchomelewa pete haina safu kabisa, hata ikiwa ya mwaka gani. Iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu ing'ae ni vivyo hivyo, kwa hiyo tafadhali, shemeji yako akikuletea sarafu za marehemu baba yake, mzuie asizioshe kwanza.

Kuna alama nyingine mbili kwenye jedwali ambazo watu huzisoma vibaya. Kistari mahali pa bei si sifuri, wala si kwamba sarafu haina thamani. Maana yake ni kwamba mwandishi hakuwa na bei ya kuweka, pengine kwa sababu sarafu ya hali hiyo haionekani sokoni. Na ile bei ndogo inayojirudia mwaka baada ya mwaka, robo dola au nusu dola, ni gharama ya muuzaji kuichagua, kuifunga na kuiweka mezani. Usichukue ndururu mia moja ukazizidisha kwa robo dola ukapiga hesabu ya karo ya mtoto. Hakuna atakayekupa.

Hapo ndipo swali kubwa linapokuja: bei iliyo kitabuni ni ya nani? Wamarekani wametusaidia kulielewa, kwa sababu wana vitabu viwili vya sarafu zao. Kimoja chenye jalada jekundu kinaonyesha bei ambayo mnunuzi wa kawaida atalipa dukani. Kingine cha bluu kinaonyesha bei ambayo mwenye duka atakulipa wewe ukimpelekea sarafu hiyohiyo. Ni sarafu moja yenye bei mbili, na katikati yake ndipo mwenye duka anapopata kodi na chakula. Kile chekundu ukikiona kwenye rundo la vitabu, elewa kwamba ni cha sarafu za Marekani tu. Simba wetu hayumo. Katalogi za dunia nazo hufuata mtindo wa chekundu: bei ya kununulia dukani, tena duka la ng'ambo, kwa dola. Kuigeuza iwe shilingi ya Kenya ni kazi ya simu. Kuamini kwamba mtu wa Biashara Street atakupa kiasi hicho ni kazi nyingine.

Umaarufu wa sarafu nao huleta maneno. Zile za senti tano na senti kumi za 1936 zenye jina la Edward wa Nane husifiwa sana, kwa sababu mfalme huyo alijiuzulu mwaka huohuo na nchi nyingi hazikuwahi kuwa na sarafu zake. Kisa ni cha kweli, lakini huku kwetu zilipigwa kwa wingi zikatumika, na kitabu chochote cha maana kitakuonyesha bei ya kawaida tu kwa zile zilizolika. Thala ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ni vilevile: karibu zote utakazoziona zimeandikwa 1780 kwa sababu ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada ya malkia kufa, kwa ajili ya biashara ya pande hizi. Anayekuuzia kama kitu cha karne ya 18 huenda na yeye aliuziwa hivyo. Na zile jumbe za WhatsApp zinazodai kuna tajiri anatafuta sarafu ya shilingi arobaini kwa mamilioni, ukitakiwa kwanza utume ada ya usajili, hizo hata kitabu huhitaji.

Kuagiza kitabu kutoka nje ni shida kwa sababu ya uzito. Juzuu ya karne ya 20 ina kurasa zaidi ya elfu mbili, na usafiri unaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Kama una dada au binamu anayerudi Desemba, mwombe akuletee nakala iliyotumika. Barabarani, muuzaji hupima kitabu kwa unene. "Angalia vile ni kizito, bosi, hii ni ya wasomi," aliniambia mmoja, na bei ikaanza juu. Nilimfungulia jalada lililoachana na uzi, akacheka, akashuka. Kabla ya kulipa hakikisha kurasa za herufi E na K hazijachanwa. Mtu aliyekitumia hapa kabla yako alikuwa akitafuta vitu vilevile unavyotafuta wewe.

Kwa bei za leo nafungua tovuti ya sarafu ya Numista kwenye simu, ni ya bure na ina picha za pande zote mbili, kisha naangalia sarafu za aina hiyo zilizokwisha kuuzwa kwenye minada ya mtandaoni. Zilizokwisha kuuzwa, sikiliza vizuri. Anayeitisha dola mia tano anaweza kuitisha mpaka mwisho wa dunia. Mambo ya hapa nyumbani nayaandika kwenye daftari: sarafu, hali yake, bei niliyotajiwa, bei tuliyoafikiana, mwezi. Jedwali hilo halimo kwenye kitabu chochote, na ndilo ninalolifungua kwanza mtu akiniuliza sumuni ya Kenyatta inakwenda ngapi City Market.

Sarafu za Desemba 2018, zile zilizoondoa sura za marais zikaweka twiga, kifaru, simba na ndovu, bado hazihitaji kitabu chochote. Bado unarudishiwa kama chenji. Ukimwona kondakta akitoa ndovu mpya isiyo na mkwaruzo, mwombe akupe hiyo, umrudishie ile iliyochakaa.