Mwanasaikolojia na kadi ya bima: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

Mimi ni mwalimu hapa Ujiji. Tangu nifiwe na mume wangu sipati usingizi, na kila ninayemuuliza ananiambia niende Mirembe. Je, Kigoma hakuna msaada?

Pole sana kwa msiba, Mwalimu. Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, nayo ni ya wale ambao hali zao zimezidi uwezo wa hospitali za mikoa. Mjane aliyekosa usingizi hana haja ya kuanzia safari ya mbali namna hiyo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, ueleze tatizo limeanza lini, kisha uombe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na ukifika huko uulizie huduma za afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Huenda ukaonana kwanza na daktari au muuguzi, wala hilo lisikuvunje moyo: daktari anaweza kuandika dawa, ilhali mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo ya vikao kadhaa, na wagonjwa wengi huwahitaji wote wawili.

Kliniki moja ilikubali kadi yangu ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), lakini baada ya kikao nikadaiwa fedha taslimu. Nilikosea wapi?

Hukukosea, ndugu yangu. Swali ulilouliza ndilo halikutosha. Kituo kusajiliwa na Mfuko ni jambo moja, na huduma unayoitaka kuwamo katika kitita chako cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima yako inalipia, ni jambo jingine kabisa. Kabla ya kikao, nenda dirisha la bima uitaje huduma yenyewe, uulize ni mtaalamu wa cheo gani atakayekuhudumia, ni vikao vingapi vinavyolipiwa na kama rufaa au kibali kinahitajika, kisha uthibitishe majibu hayo katika ofisi ya NHIF ya mkoa, ukiandika tarehe na jina la aliyekujibu. Usione haya kuuliza, kwani mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri huongeza 3 nyingine.

Je, mkuu wangu wa kazi atajua?

Mtaalamu wa afya anabanwa na wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Unapoomba ruhusa kazini, inatosha kuandika kwamba unahudhuria kliniki.