Kipima mapigo cha kukimbia nacho Dodoma: kwa nini nakushauri uanze na mkanda wa kifuani

Kila anayejiunga na kikundi chetu cha jogingi hapa Dodoma, akishavizoea kidogo vilima vya kuelekea UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), hufika siku akauliza: "Kaka, ninunue saa gani ya kupima mapigo ya moyo?" Jibu langu ni lile lile. Kama namba ya mapigo ndiyo itakayokuambia uongeze mwendo au upunguze, usianze na saa. Anza na mkanda wa kifuani. Nitaeleza sababu, halafu nitaeleza namna ya kuuvaa hapa kwetu, maana mkanda nao una masharti yake na ukavu wa Dodoma unayagusa moja kwa moja.

Saa na mkanda havipimi kitu kimoja, ingawa vyote vinakuletea namba inayofanana. Kila moyo unapojiandaa kupiga, hutoa umeme kidogo, na umeme huo husambaa mpaka kwenye ngozi. Mkanda una sehemu mbili laini zinazogusa kifua na kuupokea. Ni umeme ule ule ambao hospitali huutafuta wanapokubandika nyaya za kipimo cha ECG. Saa haina habari na umeme huo. Yenyewe humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi, kisha husoma mwanga unaorudi. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukisukuma, damu hujaa kwenye mishipa midogo ya mkono na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kule kupungua na kuongezeka.

Ukiwa umekaa ofisini au umelala, njia ya mwanga hufanya kazi vizuri. Taabu huanza miguu ikianza kukimbia. Mkono unarushwa mbele na nyuma, saa inachezacheza juu ya mfupa, na damu yenyewe inatikiswa na kila hatua. Sasa saa inabidi ikisie lipi ni pigo la moyo na lipi ni kishindo cha mguu. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika, na moyo wa mtu anayekimbia kwa nguvu mara nyingi uko humo humo. Ndiyo maana utamkuta mtu anateremka mlima kwa raha zake, anaongea na kucheka, na saa yake imeganda kwenye 174. Hiyo 174 ni hatua zake. Kwenye mazoezi ya kupishanisha kasi na mapumziko, saa pia huchelewa: unamaliza kupanda kilima, unainama kushika magoti, na ndipo namba inaanza kupanda. Kwa anayeinua vyuma jimu ni vivyo hivyo, kwa sababu kukunja kiganja na kushika chuma kwa nguvu hubana mishipa pale pale saa inapomulika.

Na hapa kwetu kuna la ziada. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake si ya mchezo, hasa kwa aliyehamia kutoka Dar na wizara yake. Mikono ikipoa, mishipa ya karibu na ngozi hujibana, damu inapungua pale, na saa inakosa cha kusoma. Ngozi nyeusi nayo hufyonza sehemu ya ule mwanga wa kijani kabla haujafika kwenye damu. Saa nzuri huongeza nguvu ya taa ili kufidia. Za bei ya kutupa huenda zisifanye hivyo. Ukijumlisha baridi, rangi yetu na mkono unaorushwa, utaelewa kwa nini nawaambia watu wapime kifuani.

Njia hii si mpya. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitoa kipima mapigo cha kwanza kisicho na waya mwaka 1982, na mkanda wa kifuani umebaki kuwa kipimo ambacho saa mpya zikitoka hulinganishwa nacho.

Sasa masharti ya mkanda. Mama mmoja wa kikundi chetu, mtu mzima anayetembea haraka kila Jumamosi, alinijia akiwa na wasiwasi mkubwa, simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama hapa. Kinaniambia 210, na hata jasho sijatoka. Nina nini mimi?"

Nikamwomba tupime kwa vidole kwanza. Shingoni, sekunde 15, mara nne: 96. Moyo wake ulikuwa salama kabisa. Ilikuwa Agosti, upepo unavuma, ngozi imekauka, na amevaa fulana pana ya nailoni. Fulana za namna hiyo zikipeperushwa na upepo mkavu hujisugua na kuzalisha umeme, ule ule unaokurukia ukivua sweta usiku wa kipupwe, na mkanda ukiwa mkavu huupokea umeme huo ukidhani ni moyo. Jambo la pili nililiona aliposogeza ukosi: kifua kizima kilikuwa kinang'aa mafuta ya mgando. Hapa Dodoma kiangazi bila mafuta ngozi inapasuka, sote tunajipaka, lakini mafuta ni kizuizi kati ya ngozi na mkanda. Alijifuta kwa kitambaa chenye maji, tukalowesha zile sehemu mbili za mkanda, akachomekea fulana. Namba ikashuka mpaka 98 na kutulia.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani: futa mafuta pale mkanda utakapokaa, lowesha sehemu zote mbili kwa maji (mate pia hufaa ukiwa njiani), kaza mkanda chini kidogo ya kifua kiasi ambacho hautelezi na bado unavuta pumzi kwa uhuru. Kina dada, ukae chini ya ukingo wa sidiria ya michezo, usiwe juu ya kitambaa. Dakika za mwanzo usizibishie sana namba. Jasho likishatoka, mkanda unatulia wenyewe.

Kwenye kununua, usitazame wingi wa mambo yaliyoandikwa kwenye boksi. Tazama kwanza kama kifaa kinatuma kwa Bluetooth ya kawaida ambayo programu yoyote ya mazoezi kwenye simu inaweza kuisoma. Kuna vifaa vinavyokulazimisha kutumia programu yao pekee, na siku programu hiyo ikifa, na kifaa kimekufa. Kikiwa na ANT+ pia (njia nyingine ya kutuma namba bila waya) ni vizuri, hasa kama unaendesha baiskeli au kuna siku utanunua saa ya Garmin, kwa sababu kitazungumza na vyote viwili. Tazama betri. Mikanda mingi hutumia betri za duara za CR2032, mingine kama Polar H10 hutumia CR2025, na mafundi saa mjini huwa nazo. Tazama kama kamba inaweza kutenganishwa na kile kifaa na kununuliwa peke yake, kwa sababu kamba ndiyo huchakaa.

Bei? Polar H10 huuzwa nje kwa karibu dola 100, na kwangu ni kifaa kizuri sana. Lakini mikanda ya kampuni kama Coospo na Magene hupatikana kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na kwa mtu anayejiandaa na mbio za kilomita 10 au nusu marathoni inatosha. Ningependa mtu anunue mkanda wa bei nafuu na viatu vizuri kuliko saa ya bei kubwa na raba zilizolika soli.

Kuhusu saa janja za bei ya chini zinazouzwa kila mahali, ukishikilia kuzitaka, jaribu kabla hujatoa hela. Ivae, kaa kimya, hesabu mapigo yako shingoni kwa vidole, linganisha. Kisha chuchumaa na kuinuka haraka mpaka uhisi pumzi inapanda, uhesabu tena papo hapo. Saa inayoonyesha 78 kabla na 80 baada, wakati shingo yako inagonga 130, haipimi chochote cha maana. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia kufanya hivyo.

Sasa namba umeipata. Uifanyie nini? Kanuni ya 220 toa umri unaijua. Kwa mtu wa miaka 40 inatoa 180 kama kiwango cha juu cha moyo. Kuna nyingine, 208 toa asilimia 70 ya umri, ambayo kwa miaka 40 inatoa 180 hiyo hiyo, lakini kwa miaka 60 inatoa 166 badala ya 160. Zote ni wastani wa watu wengi. Moyo wako unaweza kupishana nazo kwa mapigo 10 au zaidi bila tatizo lolote. Mazoezi ya wastani huhesabiwa kuwa kati ya asilimia 64 na 76 ya kiwango cha juu, yaani 115 hadi 137 kwa huyo wa miaka 40. Ya nguvu huanzia asilimia 77. Mimi huwaambia watu wazithibitishe namba hizo kwa mdomo: vaa mkanda, kimbia na mwenzako, na angalia namba ile ambayo bado unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Hiyo ndiyo mipaka yako ya mwendo rahisi, na sehemu kubwa ya mbio zako za wiki ikae humo. Ni vigumu kuvumilia, kwa sababu vijana wanakupita. Waache wapite.

Hapa ndipo mkanda unapolipa gharama yake. Mwendo ule ule wa dakika saba kwa kilomita, alfajiri ya Julai na saa nne asubuhi ya Novemba, si kazi moja kwa moyo. Joto likipanda, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi kupoza mwili. Ukitoka jasho bila kunywa, damu yenyewe hupungua ujazo. Moyo hufidia kwa kupiga haraka zaidi. Ukiangalia spidi peke yake utajilaumu kuwa umeshuka kiwango. Alphonce Simbu, mtoto wa jirani zetu Singida, alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwezi Septemba 2025, alitumia saa 2:09:48. Miezi mitano kabla, Boston, alikuwa wa pili kwa 2:05:04. Hakuna aliyesema Simbu ameshuka. Joto la Tokyo na ubishi wa mbio za ubingwa vilitaka mwendo mwingine, na alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa picha ya kamera kwenye mstari. Basi na wewe Novemba, mkanda ukisema 150 kwenye mwendo ambao Julai ulikuwa 138, punguza mwendo, kunywa maji, au anza saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Kwa wenye shinikizo la damu nina neno la msisitizo. Dawa kama atenolol, bisoprolol na propranolol hupunguza kasi ya moyo, na kanuni zote za umri nilizotaja hazikuhusu. Ukijilazimisha kufikia 137 ukiwa kwenye dawa hizo unaweza kujiumiza. Muulize daktari wako kiwango chako. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani naye aulize kwanza kabla ya kuvaa mkanda wowote. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kurukaruka si mambo ya kuangalia kwenye simu. Simama, tafuta msaada, nenda hospitali, hata kama namba inaonekana nzuri.

Saa siikatai. Kwa mapigo ya usingizini inanifaa sana. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, wanaofanya mazoezi sana hushuka chini ya hapo, lakini kinachonisaidia ni kuona yangu yakipanda ghafla kuliko kawaida. Homa hupandisha mapigo, na uchovu uliolimbikizana pia. Nikiona yamepanda naahirisha mbio, na kama mwili unauma naenda kupima malaria. Kwa anayechukia kubanwa kifua, kuna vipimo vya mwanga vinavyofungwa mkono wa juu, karibu na msuli. Pale hakuna mifupa ya kuchezesha kifaa kama kwenye kifundo cha mkono, na usomaji wake unakaribia sana mkanda. Kwa kina mama wengi hicho ndicho ningekipendekeza.

Ukishanunua mkanda, utunze. Ukirudi, chomoa kifaa kwenye kamba. Kamba yenye unyevu hukifanya kibaki kimewaka na betri inaisha bila kazi. Suuza kamba kwa maji safi, maana chumvi ya jasho huiua, na kama maji ya kisima chenu yana chumvichumvi tumia ya kunywa kidogo. Anika kivulini. Siku ikianza kuleta namba za ajabu hata baada ya kuilowesha, badilisha betri kwanza, kisha kamba. Mara nyingi kifaa chenyewe bado ni kizima.