Maswali yenu: grafu zenye kona na faili zinazojaza diski

Maswali ya safari hii yanahusu amri ya .tran, ile inayoendesha uigaji wa saketi kwa muda. Karibu yote yametoka kwa watumiaji wa ngspice, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta.

Naiga umeme wa nyumbani, volti 230, Hz 50. Nimeandika .tran 1m 100m. Wimbi limetoka na kona kona, na kilele kinasoma volti 322 wakati hesabu inasema 325. Nimekosea wapi kwenye saketi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Saketi yako ni nzima. Tatizo ni nukta chache. Amri hiyo hupokea namba nne: hatua ya kutolea matokeo, muda wa mwisho, muda wa kuanza kuhifadhi, na hatua kubwa kabisa ambayo programu inaruhusiwa kupiga inapokokotoa. Ya nne ndiyo yenye nguvu, na ndiyo watu wengi huiacha. Usipoiandika, ngspice huchukua iliyo ndogo kati ya namba ya kwanza na sehemu moja ya hamsini ya muda wote. Kwako ni milisekunde 1 dhidi ya 2, kwa hiyo imechukua 1. Mzunguko mmoja wa Hz 50 ni milisekunde 20, basi umepata nukta kama 20 tu, na kati ya nukta na nukta huchorwa mstari ulionyooka. Kilele kikiangukia katikati ya nukta mbili, unaweza kupoteza hadi asilimia 1.2, yaani volti 4 hivi. Andika .tran 0.2m 100m 0 0.2m. Utapata nukta 100 kwa mzunguko, na upotevu wa kilele utashuka chini ya volti 0.2.

Nilipunguza namba ya kwanza ili grafu ilainike, lakini joto linalopotea kwenye mosfeti (transista inayotumika kama swichi) nalo likabadilika! Inakuwaje? (Fundi, Nakuru)

Tazama chanzo chako cha PULSE, yaani kile kinachotoa mapigo ya kuwasha na kuzima. Naamini muda wa kupanda na wa kushuka umeuandika 0, au umeuacha. ngspice haikubali ukingo wa sifuri. Huweka namba ya kwanza ya .tran mahali pake. Ulipogusa namba hiyo umeifanya mosfeti iwake na kuzimika kwa kasi nyingine, ndiyo maana joto limebadilika. Huu ni mtego mbaya kwa sababu hakuna onyo lolote linalotokea. Andika kingo mwenyewe, kwa mfano 20n na 20n, kulingana na kiendeshaji chako halisi.

Kishusha volti cha kHz 100 kinanipa faili kubwa mpaka kompyuta inakwama. Nikiongeza hatua, mawimbi madogo ya mkondo wa koili yanapotea. (Dar es Salaam)

Usiongeze hatua, punguza unachohifadhi. Mzunguko wako ni mikrosekunde 10. Hatua ya nanosekunde 50 inakupa nukta 200 kwa mzunguko, na hizo zinatosha. Ukiendesha milisekunde 10 unapata angalau nukta 200,000, kila namba baiti 8, yaani megabaiti 1.6 kwa kila ishara. Saketi ya nodi (maungio) 60 inakaribia megabaiti 100. Kwa .save, amri ya kuchagua cha kuhifadhi, taja volti ya kutokea na mkondo wa koili tu. Kisha andika .tran 50n 10m 9m 50n: programu itakokotoa tangu sifuri, ila itaandika milisekunde ya mwisho peke yake, saketi ikiwa imeshatulia. Faili litapungua sana. Muda wa kukokotoa utabaki karibu uleule, hilo ulijue mapema.

Natumia LTspice, programu nyingine ya uigaji. FFT (hesabu inayoonyesha masafa yaliyomo kwenye wimbi) ya wimbi safi kabisa inaonyesha takataka chini. (Kampala)

LTspice hubana data ya mawimbi inapohifadhi, na ubanaji huo unatosha kuchafua FFT. Weka .options plotwinsize=0. Halafu weka kikomo cha hatua (ile namba ya nne), kwa sababu hatua za uigaji hazilingani ilhali FFT inataka nukta zenye nafasi sawa, hivyo programu hulazimika kukadiria za katikati. Chukua pia mizunguko kamili, usiukate wimbi njiani. Wa ngspice, tumieni amri ya linearize, inayosawazisha nafasi za nukta, kabla ya fft.

Si ningeweka tu nanosekunde 1 kila mahali nikapumzika? (Mombasa)

Hapana. Sekunde 1 kwa hatua hiyo ni nukta bilioni 1. Anza na tukio la kasi zaidi unalotaka kuliona, lipe nukta 50 hadi 100, kisha gawanya kikomo cha hatua kwa mbili na uendeshe tena. Kipimo unachokitafuta kisipobadilika, rudi kwenye kikomo cha kwanza. Kikiendelea kuyumba, sasa kaza reltol (kiwango cha kosa kinachovumiliwa katika ukokotoaji) kutoka 0.001 ya kawaida hadi 0.0001.