Seva mbili hazitoshi, weka tatu
Hapana ndugu, unauliza kama seva mbili (kompyuta zinazotunza hesabu za wateja), moja Kigoma mjini na nyingine Kasulu, zinatosha ili moja ikizimika nyingine iendelee: hazikupi usalama. Mtandao ukikatika katikati, kila moja itadhani mwenzake imekufa, zote zitaendelea kuandika, na mteja mmoja atakuwa na salio mbili. Weka tatu, kila moja na laini yake: uamuzi unapita zikikubaliana mbili, hivyo moja ikizimika kazi inaendelea. Kuhimili mbili kuzimika, ziwe tano. Yalitukuta kwenye chama kimoja cha akiba hapa Ujiji, siku mbili tunalinganisha risiti za karatasi na kompyuta, mstari kwa mstari. Ila hesabu hii ni ya seva zinazozimika tu. Kwa seva inayoweza kudanganya, mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport na wenzake walionyesha mwaka 1982 kwamba kuhimili moja, ujumbe ukiwa hauna saini ya kidijitali ya kuthibitisha aliyeutuma, unahitaji nne.