Subaru iliyolala miaka mitano: iache hiyo betri nyumbani

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, ipo Kigamboni. Imekaa chini ya mwembe miaka mitano tangu mwenyewe ahamie nje. Geji inasoma kilomita 58,000 tu. Kijana wa gereji ya mtaani kwetu anasema twende na betri na galoni la petroli. Ikiwaka bila moshi nilipe. Unasemaje?

JIBU: Marahaba. Gari sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni hiyo betri.

Magari ya namna hii naletewa mara kwa mara, na mengi yanakuja yakivutwa kwa kamba baada ya "kuwaka vizuri". Injini iliyolala miaka mitano oili yake yote imeshuka chini, ringi za pistoni zimekauka, na shafti ya turbo, ambayo ikichapa kazi huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, haina hata tone. Ukipiga stata hapo hujaipima injini, umeikwangua. Na petroli mpya juu ya ile iliyochacha inasomba tu kutu na utomvu wa tangini kupeleka kwenye pampu na nozeli.

Sasa hizo kilomita 58,000 unazozifurahia. Injini hiyo ina belti moja ya taiming inayozungusha kamshafti nne, zile shafti zinazofungua valvu. Wengi husubiri kilomita laki moja ndipo waibadilishe. Lako halijafika, kwa hiyo huenda belti ni ile ile ya kiwandani ya 2006. Mpira hausomi geji, unazeeka kwa miaka. Ikikatika, au ikiruka meno, valvu zinagonga pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine.

Mwambie muuzaji unataka kuchomoa plagi. Tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache hadi kesho yake, kisha zungusha kranki, shafti kuu ya injini, kwa spana, kwa mkono, taratibu. Ikigoma, ondoka. Ikizunguka, mwaga oili na petroli yote, tia mpya, funga belti mpya pamoja na roli zake na pampu ya maji, halafu piga stata plagi zikiwa nje na pampu ya petroli imezimwa, mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi na pampu, uwashe. Gharama hiyo iondoe kwenye bei kabla hujatoa hata shilingi.

Tairi soma tarakimu nne ubavuni: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019, hata kama kashata, yale meno ya tairi, zimejaa. Mafuta ya breki yamwage, yamenyonya unyevu. Na kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni, inua mazulia utazame kutu chini yake.

Wanaonichosha zaidi ni wauza chupa. Dawa ya kusafisha injini, dawa ya kuziba rejeta, dawa ya kurudisha nguvu ya turbo! Hiyo ya rejeta haichagui tundu, inaziba hata njia ndogo za hita. Kuna na wanaoosha injini kwa dizeli ing'ae asubuhi ya siku ya mnunuzi. Injini ya gari lililolala miaka mitano inatakiwa iwe na vumbi na majani ya mwembe. Ukiikuta inang'aa, uliza nini kilikuwa kinavuja hapo jana.