Swali Moja Latosha

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Wasema msimamizi wako amekuachia uchague mada ya tasnifu mwenyewe, nawe umeandika "Kimvita na Mabadiliko Yake", halafu waniuliza: nitajuaje kama inatosha?

Inazidi, mwanangu. Kimvita, Kiswahili chetu chote cha Mombasa, ni kazi ya umri mzima, nawe una mwaka mmoja na nauli ya kuunga unga. Tafuta swali ambalo jibu lake laweza kuwa ndiyo, laweza pia kuwa la, na hata likiwa la tuwe tumejua jambo. Kusema lugha inabadilika si swali. Nani atabisha?

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Mtu wa Mji wa Kale akitaja kaa la moto, k hutoka kavu. Akitaja kaa wa baharini, k hutoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo utaihisi. Ni vivyo hivyo kwa paa la nyumba na paa mnyama. Wataalamu hueleza kwamba majina kama la huyo kaa wa baharini zamani yalitanguliwa na n, n ikadondoka, pumzi ikabaki. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hii, na ndiyo watoto wetu wanayosomea, tena pamoja na wenzao ambao wazazi wao walitoka bara. Basi uliza: vijana waliozaliwa na kukulia Mombasa wangali wanatofautisha kaa na kaa, au sauti zimekuwa moja? Mimi nadhani pumzi inapungua. Dhana yangu usiiandike kama matokeo, kapime.

Na inapimika, ndiyo sababu naipenda. Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, itakuonyesha wimbi la sauti. Unatia alama pale k inapoachiliwa, unatia nyingine pale nyuzi za sauti zinapoanza kutetemeka, kisha unahesabu nafasi iliyo kati kwa milisekunde: ikiwa ndefu, pumzi ipo; ikiwa fupi, k ni kavu. Wanaisimu Leigh Lisker na Arthur Abramson walitumia kipimo hiki kulinganisha lugha kadhaa katika makala yao ya 1964, kayasome mapema. Rekodi zako ziwe WAV, aina ya faili isiyobana sauti, feni izimwe, dirisha la barabarani lifungwe. Usikubali jamaa wakutumie sauti kwa WhatsApp: faili hubanwa, nawe unatafuta kitu chembamba mno.

Kazi ngumu iko kwa watu. Mtu akijua unaisikiliza k yake, ataitengeneza. Mwanaisimu William Labov alipotaka kujua nani wa New York hutamka r na nani huiacha, 1962, aliingia katika maduka matatu makubwa akawauliza wahudumu mahali pa bidhaa aliyojua iko ghorofa ya nne, kwa kuwa jibu la Kiingereza lina r mbili. Kisha akajifanya hakusikia ili warudie. Alipata watu 264 kwa njia hiyo. Wewe utarekodi, kwa hivyo lazima uwe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti hapa Kenya, na ridhaa ya kila mtu. Waambie kweli kwamba unachunguza matamshi ya Mombasa, ila usitaje pumzi. Waonyeshe picha wazitaje: kaa, kikombe, paa, ngazi, samaki, zimechanganywa ili zile jozi zisikaribiane. Mzee mwenye macho mazito muulize mambo ya jikoni na ya uvuvi, maneno yatakuja yenyewe.

Chagua wazee na vijana wa mtaa mmoja, wake kwa waume, na usijaze ukoo wetu mtupu. Kila mmoja umuulize alikozaliwa, alikosoma, na lugha anayosema nyumbani, maana bila hayo milisekunde zako hazitakueleza kitu.

Msimamizi atakurekebisha njia, lakini swali hatakutafutia. Mpelekee ukurasa mmoja tu: swali, watu gani, utapima nini, na jibu gani litakuonyesha kwamba ulidhani vibaya. Hicho cha mwisho akikuuliza ukakosa la kusema, rudi nyumbani ulipunguze tena.

Ukija likizo anza na shangazi yako wa Kibokoni, ujizoeze kurekodi. Nitampigia simu kumwambia unakuja. Unachokitafuta sitamwambia.

Mamako